Jicho la akili halilingani kwa watu wote

Hebu tufanye zoezi dogo. Fumba macho. Kama uko kwenye usukani wa gari, usifumbe, subiri ufike nyumbani. Sasa jaribu kuliona duka unalonunulia sukari. Je, unauona mlango wake? Rangi ya ukuta? Sura ya mwenye duka? Wapo watakaosema wanaona kila kitu kama wako senema. Wapo watakaoona kivuli kinachopita na kutoweka. Na wapo watakaokuta giza tupu, ingawa duka lenyewe wanaweza kulifikia hata usiku wa manane bila ya taa.

Zoezi hili limetokana na barua. Kijana mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, ameniandikia kwamba kwa miezi minne amekuwa akijaribu kutengeneza tulpa. Kila usiku hukaa kimya akamwita huyo rafiki wa akilini, lakini sura haiji. Anauliza kama ana kasoro kichwani. Swali hilo halistahili kuchekwa, maana mtu akishaamini kuwa akili yake ni mbovu, huacha kujaribu hata mambo mengine anayoyaweza.

Kwanza, tulpa ni kitu gani? Neno hili limetoka Tibet, ambako Wabudha wana mafundisho ya kale kuhusu miili inayodhihirishwa kwa nguvu ya roho na mawazo. Watu wa Magharibi walilisoma zaidi katika kitabu cha mwaka 1929 cha Alexandra David-Néel, msafiri wa Kifaransa aliyeingia Lhasa mwaka 1924 akiwa amejificha kama mhujaji maskini. Anasimulia kwamba alijitenga akamfikiria mtawa mfupi, mnene na mcheshi, na baada ya miezi kadhaa akaanza kumwona. Baadaye mtawa huyo akakonda, uso wake ukawa wa kejeli, na bibi huyo akatumia miezi sita kumfuta. Mwenyewe alikiri kwamba huenda yalikuwa mazigazi aliyojitengenezea.

Vijana wa leo wa Ulaya na Marekani wanaofanya jambo hili, wengi wao hawadai miujiza. Husema tulpa ni nafsi ya pili ndani ya kichwa kimoja, inayojengwa kwa kuzungumza nayo kila siku na kuipa tabia na umbo. Samuel Veissière, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu wa Chuo Kikuu cha McGill kule Canada, aliwachunguza. Aliwakuta wengi ni vijana wa mijini, na upweke na haya mbele za watu ni miongoni mwa mambo yaliyowasukuma.

Sasa tuje kwenye ile sura isiyokuja. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwaomba watu waikumbuke meza waliyonywea chai asubuhi, kisha waeleze walichokiona akilini. Baadhi ya wanasayansi aliowauliza walishangaa. Walikuwa wakidhani watu wanaposema wanaona kwa jicho la akili, ni namna tu ya kusema. Mwaka 1973 mwanasaikolojia David Marks akatunga maswali 16 ya kupima uangavu wa picha hizo, na maswali hayo yanatumika hadi leo.

Mwaka 2015 Profesa Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, pamoja na wenzake, waliipa jina hali ya kukosa picha kabisa au karibu kabisa: afantasia. Watu 21 waliowaeleza walikuwa hivyo maisha yao yote, na bado wengi wao waliota ndoto zenye picha. Makadirio yanaonyesha kwamba katika kila watu 100, kati ya mmoja na wanne hawaoni chochote au wanaona kwa shida sana.

Je, watu hao wanasingizia? Hapana. Watafiti wa Australia walitoa matokeo mwaka 2022 kuhusu mboni za macho. Mtu wa kawaida akifikiria kitu king'aacho, mboni zake husinyaa kidogo, kana kwamba mwanga upo kweli. Kwa wenye afantasia mboni hazikubadilika hivyo, ijapokuwa mwanga halisi uliwasinyaza kama watu wote.

Wala si ugonjwa wala upungufu wa akili. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu za katuni ya Pixar, amesema hadharani kwamba haoni picha akilini. Ikiwa mtu wa namna hiyo ameweza kuongoza kazi ya kutengeneza picha, basi kujua na kuona ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo namwambia kijana wetu, na wote wanaohangaika kama yeye: usilazimishe macho. Akili ina milango mingi. Mimi nimelelewa na redio, na najua msikilizaji wa mpira hauoni uwanja, lakini huruka kitini goli likifungwa. Anza na sauti, na namna mtu anavyotembea, na mzaha anaoupenda. Chora kwenye karatasi kisichochoreka kichwani. Hata katika ibada za Tibet, mwanafunzi huanza kwa kuitazama picha iliyochorwa, naye hufundishwa kwamba kujihisi yu pamoja na anayemfikiria ni jambo kubwa sawa na kuiona sura yake waziwazi.

Lakini yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, usikeshe wala usishinde njaa ili upate maono, kwa sababu ubongo uliochoka huleta mazigazi ya kila aina. Na ikitokea sauti inakuamuru ujidhuru au udhuru mwingine, hapo usisubiri. Mwambie mtu wa nyumbani na uende hospitali.

La pili ni upweke wenyewe. Rafiki wa akilini hawezi kukuletea maji ukiwa na homa. Anayetafuta wa kuzungumza naye, na amgongee jirani mlango, hata kama ni kwa kisingizio cha kuomba kiberiti. Mwenye jicho angavu la akili na mwenye giza tupu, wote wawili wakiketi barazani na mtu wa kweli, sura yake wataiona sawasawa.