Mjusi Mkubwa wa Tendaguru: Je, Aliishi Majini?

Katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, kipo kilima kiitwacho Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, mamia ya wenyeji walichimba huko mifupa iliyogeuka mawe, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mizigo ya zaidi ya tani 200 ilichukuliwa vichwani hadi bandari ya Lindi, kisha ikasafirishwa Ujerumani.

Miongoni mwake ilikuwamo mifupa ya dinosaria mla majani aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, katika kipindi cha Jurasiki. Mwaka 1914 Werner Janensch alimwita Brachiosaurus brancai. Siku hizi huitwa Giraffatitan brancai. Kiunzi chake kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937 kina kimo kinachozidi mita 13. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, na shingo ndefu ilimwezesha kuyafikia majani ya miti ya jamii ya misonobari. Meno yake yalikuwa ya kuchumia, si ya kutafunia.

Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba mnyama mzito namna hii hakuweza kujibeba nchi kavu. Tena, matundu ya pua katika fuvu lake yako juu, karibu na macho. Basi walimchora amesimama ziwani, kichwa tu kikionekana.

Mwaka 1951 dhana hiyo ilipingwa kwa hoja ya fizikia. Kanieneo ya maji huongezeka kadiri ya kina: kila mita 10 huongeza kiasi kinachokaribia kanieneo ya hewa pwani. Kichwa kikiwa juu ya maji, mapafu yangekuwa mita kadhaa chini, na kifua kilichobanwa hivyo kisingeweza kutanuka kuvuta hewa. Mifupa nayo inashuhudia: pingili za shingo zina nafasi za hewa zilizopunguza uzito, na miguu imenyooka kama nguzo. Kwa hiyo leo inakubaliwa kwamba alitembea nchi kavu.

Msomaji anaweza kuihakiki hoja hiyo darasani. Toboa kopo refu matundu matatu yaliyolingana, moja juu, moja katikati na moja chini. Lijaze maji, kisha tazama ni tundu lipi linalorusha maji kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo palipokuwa kifua cha mjusi wetu.