Magita ya nailoni ya umeme: lipi tulivu zaidi, lipi fupi zaidi, lipi la kununua

Anayejifunza gita huku akiishi nyumba ya kupanga hupata nafasi usiku, na usiku ndio saa ambayo jirani anadai usingizi wake. Kwa wapenzi wa nyuzi za nailoni tatizo hili lina ufumbuzi mzuri, ila soko limejaa majina na si kila jina linafaa kwa kazi hiyo.

Kwanza lieleweke jambo moja linaloamua mengine yote. Sumaku za gita la umeme la kawaida hunasa mtikisiko wa chuma. Nailoni hazinasi kabisa. Kwa hiyo magita haya hutegemea kristali za piezo zinazowekwa chini ya daraja la nyuzi, ambazo hugeuza mgandamizo kuwa umeme. Umeme huo ni hafifu, unahitaji kukuzwa, na ndiyo maana mengi yao yana betri ndani. Ukinunua la mtumba, fungua kisanduku cha betri kabla ya kugusa nyuzi: kutu hapo ni sababu tosha ya kurudisha pesa mfukoni.

Maarufu kuliko yote, na lililochakaa kuliko yote, ni Trigger la Willie Nelson, mwimbaji wa Marekani. Ni Martin N-20 aliloanza kulitumia mwaka 1969, likafungiwa kinasa sauti cha piezo kutoka gita la Baldwin. Kupigwa kwa kipigio miaka mingi kumelitoboa tundu la pili karibu na lile la kiwandani, na bado analipiga jukwaani. Lakini gita hilo lina tumbo kamili, kwa hiyo halinyamazi.

Lililofungua njia ni Gibson Chet Atkins CE la mwaka 1982. Mwili wake hauna tumbo kubwa la kutetema, hivyo mpigaji aliweza kusimama mbele ya spika kubwa bila ule mluzi unaotoboa masikio. Halitengenezwi tena, na la mtumba ni ghali. Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo, libaki kwenye historia.

Kwa utulivu sina shaka: ni Yamaha SLG. Kampuni hiyo ya Japani ilishatengeneza piano na fidla za kimya kabla ya kutoa gita lake la kimya mwaka 2001, na ndugu wapya, SLG200N na SLG200NW, walifuata mwaka 2015. Halina tumbo kabisa. Pembeni kuna fremu tu, inayokupa umbo la kukumbatia na ambayo hutolewa kwa safari. Unachomeka hedifoni moja kwa moja kwenye gita na kusikia sauti iliyojaa, yenye mwangwi kama wa ukumbini, wakati aliye chumba cha pili anasikia mguso mdogo tu wa nyuzi. Linatumia betri mbili za AA, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea na zoezi. Uzito wake ni takriban kilo 2. Tofauti ya ndugu hao wawili iko shingoni: N ina upana wa milimita 50 pale juu, NW milimita 52 kama gita la klasiki. Aliyezoea nyuzi za chuma achukue N.

Fupi kuliko yote kati ya haya ni Ultra-Light ya Traveler Guitar ya California. Halina kichwa, vifungio vya kukazia nyuzi vimehamishiwa mwilini, na urefu wote umepungua kwa takriban theluthi moja ingawa nafasi za vidole ni karibu zile zile. Kwa basi na ndege ni zuri, lakini mapajani linateleza.

Kwa vijana wa leo kuna Ibanez TOD10N la mwaka 2022, lililotengenezwa pamoja na Tim Henson, mpiga gita wa bendi ya Polyphia. Shingo ni milimita 46 na tundu la sauti liko ubavuni. Ukipiga na wenzako litang'ara, ila usiku wa manane bado linasikika.

Na nafuu kuliko yote? Gita la klasiki la kawaida, na kinasa cha piezo cha kubandika juu ya ubao. Kwa kupiga na wenzako linatosha kabisa. Kwa usiku, ingiza kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja. Sauti itakufa haraka, lakini vidole vitafanya kazi ile ile.

Hukumu yangu: mwenye shilingi chache aanze na sponji. Anayeweza kuweka akiba asikimbilie gita jipya la bei ya kati lenye tumbo, kwa kuwa halitamsaidia usiku. Asubiri SLG la mtumba. Nenda dukani na hedifoni zako mwenyewe, piga nyuzi zote sita kwa nguvu sawa, moja baada ya nyingine. Uzi mmoja ukisikika hafifu kuliko nyingine, piezo ina hitilafu au imekaa vibaya. Usilipe mpaka irekebishwe.