Kiwanda cha Sadini Kilichogeuka Darasa la Bahari

Wengi wetu tukisikia kwamba wanafunzi wa sekondari wamepelekwa kutazama samaki nyuma ya vioo, hudhani ni matembezi ya starehe tu, na nauli imepotea bure. Hebu tutazame mji wa Monterey, katika jimbo la California, Marekani.

Huko ipo akwariamu, yaani nyumba ya kuonyeshea viumbe wa baharini wakiwa hai. Ilifunguliwa mwaka 1984 mahali palipokuwa na kiwanda cha Hovden, kilichoanza mwaka 1916 kusindika sadini katika makopo. Mashua zikileta samaki, hata usiku wa manane, king'ora kililia na wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakaingia kazini. Samaki wengi hata kopo hawakuliona. Walisagwa kuwa mbolea na chakula cha kuku. Baada ya mwaka 1945 sadini wakaadimika, kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa kubadilika kwa joto la bahari. Viwanda vya mtaa ule vikafungwa kimoja kimoja, Hovden kikiwa cha mwisho, mwaka 1973. Maboila yake yamehifadhiwa humo humo, na mwanafunzi huyaona. Wenzetu wa viwanda vya sangara wataielewa habari hii upesi.

Sasa somo lenyewe. Lipo tangi la mwani mkubwa, kimo chake mita 8 na nusu, na maji yake huvutwa kutoka bahari iliyo nje ya ukuta. Mchana huchujwa ili watu waone vizuri. Usiku huingia bila kuchujwa, pamoja na vijidudu vidogo ambavyo ni chakula cha wakazi wa tangi.

Mwalimu anayejua kazi hawaachii vijana watangetange. Kila kundi hulipa swali moja. Kwa mfano: fisimaji wa baharini hana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi kama nyangumi. Joto lake hulindwa na manyoya mazito na chakula kingi, hata hula kwa siku kiasi cha robo ya uzito wake. Mwenye kilo 28 atahitaji kilo ngapi? Saba! Na anakula nini? Pamoja na kaa na kombe, hula wale viumbe wa mviringo wenye miiba mwili mzima, ambao hutafuna mwani. Fisimaji wakiisha, wenye miiba huzidi, mwani huliwa, na samaki wanaojificha humo hukosa makao. Wawindaji wa ngozi walikaribia kuwamaliza fisimaji kabisa, mpaka mkataba wa mwaka 1911 ulipowalinda.

Shule za California huingia bure zikiomba nafasi mapema, kwa hiyo mtoto wa kibarua haachwi nyumbani. Jambo hilo ni la kudaiwa popote.

Mzazi naye asikae kimya. Mtoto akirudi, amwulize nani alimla nani mle ndani, na sadini walikwenda wapi. Kwa shule za pwani yetu zisizo na akwariamu, maji yakipwa miambani vidimbwi huwa na kaa, kiti cha pweza na vijisamaki, na swali la kwanza linaulizika pale pale.