Kupandisha Elgon kwa Pikipiki ya Bodaboda

Alupe, katikati ya Busia na Malaba karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Elgon, kina mita 4,321. Je, pikipiki ya kawaida, zile Boxer na TVS zilizojaa kwenye steji za mpakani, inaweza kukupandisha kwenye miteremko ya mlima huo ukiwa na hema, blanketi na sufuria? Inaweza, ila haikuzoea kazi hiyo. Biashara ya bodaboda ilianzia mpaka huu huu kwa baiskeli, na mpaka leo riziki yake kubwa ni safari fupi za tambarare. Mlimani utapimwa kwa mambo matatu: hewa, breki na mzigo.

Tuanze na hewa. Kila unapopanda mita 1,000, hewa huwa nyepesi kwa takriban asilimia 10, na injini hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Injini ya nguvu za farasi 12 ikifika mita 2,300 hubaki na kati ya 9 na 10. Tena, kabureta haijirekebishi. Jeti yake huendelea kupitisha petroli kwa wingi ilhali hewa imepungua. Ni kama kusonga ugali kwa unga uleule huku maji yakipunguzwa: mchanganyiko unakuwa mzito. Ndipo moshi mweusi unapotoka, plagi inashika masizi na tangi linakauka mapema, kisha watu wanamlaumu fundi.

Dawa yake si ghali. Safisha filta ya hewa, beba plagi ya akiba na uhakikishe choki imezimwa. Ukiishia maeneo ya Kapsokwony, huna haja ya kugusa jeti. Anayekusudia kukaa juu ya mita 3,000 ndiye amwombe fundi amfungie jeti ndogo zaidi. Cha manufaa zaidi ni sproketi ya mbele: ukitoa ya meno 14 na kuweka ya meno 13, pikipiki inaongeza uwezo wa kuvuta kwa karibu asilimia 8. Mwendo wa juu utapungua, lakini kwenye mwinuko nani anauhitaji? Injini hizi hupozwa na upepo tu, hivyo ukipanda polepole kwa gia ya kwanza muda mrefu, simama kivulini ipoe.

Kupanda huchosha injini, bali kushuka ndiko kunakoumiza watu. Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi ina breki shuu zinazosugua ndani ya gurudumu. Ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu, zinapata moto na kuanza kuteleza badala ya kushika. Kanuni ni hii: teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, uiache injini izuie mwendo, na breki zote mbili uziguse kwa vipindi. Usizime injini wala kuiweka pikipiki huru ili kuokoa petroli. Akiba ya petroli ya shilingi chache haitoshi hata kununua bendeji.

Mzigo nao una elimu yake. Kwenye mwinuko uzito hukimbilia nyuma. Ukirundika kila kitu kwenye keria, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani hautii. Weka vizito, yaani maji, vyombo na spana, chini na karibu na kiti. Hema na nguo ndizo zikae keria, zifungwe kwa blada pande zote. Beba tyubu, pampu na vifaa vya kuziba pancha. Udongo wa Elgon ni wa volkano, na mvua ikinyesha njia za vijijini huteleza mno. Kwa hiyo msimu mzuri ni Desemba hadi Februari, kabla ya masika ya Machi.

Kambini, kumbuka kwamba joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000. Usiku wa nyuzi 17 Alupe unaweza kuwa wa nyuzi 6 ukiwa mita 3,000. Usipige hema bondeni, maana hewa baridi hutuama huko, wala chini ya mteremko mkali uliolimwa. Machi 2010, maporomoko ya udongo Bududa, upande wa Uganda wa mlima huu huu, yaliua watu zaidi ya 100. Na hata baridi ikizidi vipi, usiingize jiko la makaa ndani ya hema. Gesi yake haina harufu na huua mtu akiwa usingizini.

Njia rahisi haivuki mpaka: Alupe hadi Malaba, ukijihadhari na foleni za malori, kisha Bungoma, Kimilili na Kapsokwony. Ukitaka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, pitia Kitale na Endebess hadi lango la Chorlim. Humo mna tembo na nyati, wakiwemo tembo wanaoingia pango la Kitum usiku kuchimba chumvi. Basi kabla ya kufunga mzigo, waulize Shirika la Wanyamapori la Kenya kama pikipiki itaruhusiwa kupita na ni wapi panaporuhusiwa kupiga kambi.