Nzi Amtafutaye Kiwavi kwa Harufu ya Jani

Wanachama wengi humwona nzi mwenye manyoya magumu akirandaranda juu ya majani ya miti, wakamhesabu kuwa ni yule yule mchafu wa jikoni. Sivyo. Wako nzi ambao mabuu yao hukulia ndani ya mwili wa kiwavi na hatimaye kumwua. Mmojawapo aliyechunguzwa sana ni Cyzenis albicans wa Ulaya, adui wa kiwavi alaye majani ya mialoni na mitufaha.

Ajabu ni kwamba nzi huyo hamtafuti kiwavi mwenyewe, bali jani lililotafunwa. Kwanza huvutwa na harufu ya mwaloni. Akiisha kutua, huonja utomvu mtamu utokao penye jeraha la jani. Hapo hupunguza mwendo, hugeuka-geuka, na kutaga mayai madogo mno karibu na ukingo ulioliwa. Jike mmoja aweza kutaga zaidi ya 1,000. Kiwavi aendeleapo na mlo wake humeza yai pamoja na jani. Yai huangulika tumboni, buu hupenya hadi kwenye tezi za mate na kutulia humo mpaka kiwavi ashuke udongoni kujigeuza. Ndipo humla.

Huko Nova Scotia, Kanada, nzi hao waliletwa kuanzia katikati ya miaka ya 1950, na viwavi wa mialoni wakapungua sana. Katika mitufaha mafanikio yalikuwa haba, kwani harufu yake haiwavuti kama ya mwaloni. Baadaye watafiti wa nchi hiyo walipulizia mitufaha maji ya majani ya mwaloni, na nzi wakataga huko zaidi.

Wakulima wa kahawa wa Kenya walipata hasara kwa jambo la namna hii katika miaka ya 1950 na 1960. Dawa ya parathioni, iliyokusudiwa wadudu wengine, iliwaua maadui wa asili wa Ascotis selenaria, kiwavi atembeaye kwa kukunja mgongo. Naye, ambaye hapo kwanza hakuwa tishio, akaenea mashambani. Ni wa jamii moja na yule wa mialoni.

Basi kabla chama hakijaagiza dawa kwa mkopo, katibu aletewe viwavi hai wapatao ishirini. Awaweke katika chupa pana yenye udongo kidogo chini, awape majani mabichi kila siku, na mdomo aufunge kwa kitambaa chepesi. Wakitoka nzi badala ya nondo, bwana shamba aelezwe idadi yao kabla pampu hazijatolewa ghalani.