Mtu na Chombo Chake: Sanaa ya Maonyesho Mahali pa Kazi

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba sanaa ya maonyesho ni lazima iwe na ukumbi, pazia na tiketi. Hiyo ni kasumba. Ipo sanaa ambayo jukwaa lake ni mahali penyewe pa kazi, na wachezaji wake ni watu pamoja na vyombo wanavyovitumia kila siku. Sanaa hiyo inatulazimisha kujibu swali la msingi: je, chombo kinamtumikia mtu, au mtu anakitumikia chombo?

Tuchukue mfano wa Baku, mji wa mafuta kando ya Bahari ya Kaspi. Tarehe 7 Novemba 1922, katika maadhimisho ya miaka mitano ya Mapinduzi ya Oktoba, mwanamuziki Arseny Avraamov aliugeuza mji mzima kuwa ala ya muziki. Ving'ora vya viwanda, honi za meli, mizinga na kwaya vilisikika kwa mpango mmoja, na filimbi za mvuke zikapiga wimbo wa Internationale. Tuangalie maana yake. Chini ya mabepari, king'ora kilikuwa sauti ya tajiri ikimwita mfanyakazi kwenda kunyonywa. Mafuta ya Baku yalitaifishwa mwaka 1920. Chuma hakikubadilika, kilichobadilika ni uhusiano wa uzalishaji mali.

Mfano wa pili unatoka Marekani, penye kitovu cha ubepari. Mwaka 1973 msanii Mierle Laderman Ukeles alisugua ngazi za jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum, mjini Hartford, mbele ya wageni. Mwaka 1979 na 1980 aliwapa mkono wafanyakazi wa usafi wa New York wapatao 8,500, akimshukuru kila mmoja. Mwaka 1983 alilifunika lori la taka kwa vioo, ili raia anayelitazama ajione mwenyewe: mwenye taka ni yeye.

Lakini tusijidanganye. Kupeana mkono si kupandisha mshahara, na kioo hakimpunguzii mchukua taka mzigo wake. Sanaa haishiki nafasi ya mapambano. Kazi yake ni kufumbua macho. Kazi hiyo si ndogo, kwani anayeudharau ufagio humdharau na anayeushika.

Kwa hiyo kada anapofika kiwandani au kijijini asianze kwa kuuliza ukumbi uko wapi. Atazame jembe, cherehani, na siku hizi simu ya mkononi, kisha aulize: nani anakimiliki chombo hiki, nani anachoka nacho, nani anafaidika? Wanaokijua zaidi ni wanaokitumia. Wao wawe wa kwanza kujibu, na kada asikilize.