Damu Husema Kabla ya Kisu

Mgonjwa wa Murangi, Bunda au Butiama anapoambiwa kwamba uvimbe ulio kwenye pafu lake ni saratani na bado unaweza kuondolewa, ndugu hukaa na kuulizana mambo matatu: rufaa inakwenda wapi, nauli itatoka kwa nani, na nani atamsindikiza. Safari ni ndefu kweli. Kutoka kituo cha afya mtu huenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, Musoma, kisha Bugando jijini Mwanza, na wengine hufika Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Swali la nne huulizwa mara chache: mwili wake unaingia chumba cha upasuaji ukiwa na akiba gani? Ushahidi wa karibu miaka 90 unaonyesha kwamba jibu la swali hilo hubashiri namna mgonjwa atakavyoinuka baada ya kisu. Tena sehemu kubwa ya jibu hupatikana kwa mizani na vipimo vichache vya damu, bila mashine ya mamilioni.

Ushahidi huo una mwanzo unaojulikana. Mwaka 1936 daktari mpasuaji wa Marekani, Hiram Studley, aliwapanga wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo kwa kuangalia uzito walioupoteza kabla ya kupasuliwa. Waliokuwa wamepungua zaidi ya asilimia 20 walikufa mmoja kati ya watatu. Wale ambao hawakupungua kiasi hicho walikufa chini ya wanne katika kila mia. Hao walikuwa wagonjwa wa tumbo, lakini kifua kinadai akiba kubwa zaidi. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, na katika saratani iliyogunduliwa mapema daktari huondoa sehemu nzima yenye uvimbe. Mgonjwa anapozinduka, pafu lililobaki lazima lijitanue kuziba pengo, mshono wa njia ya hewa lazima ushike usivuje, na yeye mwenyewe lazima akohoe kwa nguvu kutoa makohozi huku mbavu zikimuuma. Kukohoa ni kazi ya misuli. Mshono kushika ni kazi ya protini. Kuzuia usaha na nimonia ni kazi ya chembe nyeupe za damu. Aliyeingia akiwa amekonda hana pa kuchota hivyo vyote, na ndiyo maana kuvuja hewa kusikokoma na nimonia humwandama yeye kuliko mwenzake mwenye mwili.

Hapa ndipo watu wengi hukomea, wakidhani habari nzima ni ya chakula. Kuna upande wa pili, nao ni mcharuko: ule mwitikio wa mwili unaopambana na jeraha au maradhi, unaoleta joto, uvimbe na maumivu mahali unapoonekana, lakini ambao unaweza pia kuwaka chini kwa chini mwili mzima kwa miezi bila mtu kuuona. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliuhusisha na saratani tangu 1863, alipoona chembe nyeupe ndani ya vivimbe. Uvimbe wa saratani huchochea mcharuko, na mcharuko hubadilisha kazi za ini. Ini hupunguza kutengeneza albumini, protini kuu inayoelea kwenye damu, na kuongeza protini za vita, mojawapo ikiwa ile inayoitwa protini tendaji C (CRP). Wakati huohuo misuli huvunjwa ili kugharimia vita hiyo na hamu ya kula hupotea. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani anaweza kupewa sahani iliyojaa na bado akaendelea kukonda. Ndugu humlaumu kwamba hataki kula, kumbe ugonjwa ndio uliomfungia mdomo.

Wanasayansi wameziunganisha pande hizo mbili katika hesabu nyepesi. Mwaka 1984 Onodera na wenzake nchini Japani walitoa kipimo cha lishe kwa wagonjwa wa upasuaji wa njia ya chakula: chukua albumini kwa gramu katika lita moja ya damu, kisha ujumlishe idadi ya limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, katika milimita moja ya ujazo ukiwa umeizidisha kwa 0.005. Mwenye albumini 42 na limfosaiti 2,000 anapata 52. Mwenye albumini 30 na limfosaiti 1,200 anapata 36, na Onodera alionya kwamba chini ya 40 upasuaji mkubwa wa kukata na kuunga utumbo ni hatari. Mwaka 2003 watafiti wa Glasgow, Uskoti, waliwatazama wagonjwa wa saratani ya mapafu isiyoweza kupasuliwa, wakatumia alama mbili tu: CRP iliyozidi miligramu 10 kwa lita, na albumini iliyo chini ya gramu 35. Wenye alama zote mbili waliishi muda mfupi kuliko wengine. Tangu hapo tafiti nyingi, hasa za Japani na China, zimefuatilia wagonjwa waliopasuliwa saratani ya mapafu na kurudi na habari ileile: hesabu ikiwa mbaya kabla ya upasuaji, matatizo baada yake huongezeka na maisha hufupika.

Je, hesabu ya Kijapani inaweza kuvuka bahari hadi mkoa wetu wa Mara kama ilivyo? Kwa maoni yangu, kanuni yake inavuka, lakini mipaka yake ya namba lazima ichunguzwe upya huku kwetu. Kwanza, watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, chache kwa maumbile wakiwa wazima kabisa. Jambo hili limefungamana na aina ya damu iliyowakinga mababu dhidi ya aina mojawapo ya malaria. Kipimo kinacholinganisha neutrofili na limfosaiti, ambacho hutumika sana kupima mcharuko, kinaweza basi kumwonyesha mgonjwa wa hapa kuwa salama kuliko alivyo. Pili, virusi vya Ukimwi hupunguza limfosaiti, saratani iwepo au isiwepo. Tatu ni kichocho. Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kila siku, na kikikomaa huharibu ini lilelile linalotengeneza albumini. Nne ni kifua kikuu, ambacho hukondesha, huwasha mcharuko na kufanana na saratani ya mapafu kiasi kwamba wapo wanaomeza dawa zake kwa miezi kabla saratani haijatajwa. Vumbi la mawe yenye dhahabu, kama yale yanayosagwa Buhemba, huongeza hatari ya magonjwa yote mawili.

Mtu anaweza kusema kwamba mkorogano huo unakifanya kipimo kisiwe na maana. Mimi naona kinyume chake. Albumini ya chini haisemi sababu. Inasema simama, utafute sababu. Mtu mwenye njaa tupu, bila maradhi mengine, anaweza kukonda sana na albumini yake isishuke kwa kiasi hicho, kwa hiyo inaposhuka kwa mtu mzima kuna jambo zaidi ya sahani tupu. Kumtundikia dripu ya albumini ili namba ipande ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Kumtibu kichocho kwa prazikwanteli, kumchunguza kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, kumwondoa jino lililooza linalotoa usaha na kumwachisha sigara angalau wiki nne kabla: hayo ndiyo yanayogusa mzizi, na mengi yanawezekana wilayani, kabla mgonjwa hajapanda basi la Mwanza.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la muda. Saratani haisubiri, kwa nini tumchelewishe mtu ili anenepe? Hakuna anayetaka anenepe. Mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya lishe ya tiba, ESPEN, unashauri mgonjwa aliye katika hatari kubwa alishwe kwa mpango siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata ikibidi upasuaji usogezwe. Hatari kubwa maana yake ni, kwa mfano, kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi sita, yaani zaidi ya kilo sita kwa aliyekuwa na 60, au albumini chini ya gramu 30 ilhali ini na figo ni nzima. Siku hizo kwetu tayari hupotea bure: mgonjwa anasubiri majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, anasubiri kitanda, anasubiri mchango wa ukoo. Ninachodai ni kwamba kusubiri huko kuwe matibabu. Mapitio ya Cochrane ya 2017 yaliona kwamba mazoezi kabla ya upasuaji wa saratani ya mapafu yalipunguza matatizo ya kifua kwa zaidi ya nusu, ingawa majaribio yenyewe yalikuwa machache na madogo. Kutembea kila siku na kuvuta pumzi kwa mpangilio hakuhitaji jengo.

Na chakula? Ugali wa muhogo hushibisha lakini protini yake ni kidogo mno. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji hadi gramu 90 za protini kwa siku, na mkoa huu una jibu linaloanikwa juani kwenye kila mwalo: zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa waliokauka vizuri ni protini, na dagaa wengi huishia kwenye vyakula vya kuku. Unga wa dagaa katika uji wa ulezi, mayai, maziwa, karanga, sato. Kidogo kidogo mara sita kwa siku kwa asiye na hamu. Wanaohofia kwamba kumlisha mgonjwa ni kuilisha saratani wajue kwamba uvimbe huchota kwenye misuli yake hata akifunga. Anayekonda ni mwenye mwili.

Wapo watakaosema wagonjwa wa saratani ya mapafu wanaofikia kisu ni wachache mno kuandikiwa haya. Ni kweli, wengi hufika wakiwa wamechelewa. Lakini mizani, albumini na picha ya damu havibagui: vinamfaa wa saratani ya koo la chakula, iliyoenea sana Afrika Mashariki, na mwenye pafu lililoliwa na kifua kikuu. Basi ndugu wa mgonjwa, kabla ya kukata tiketi, ulizeni: amepungua kilo ngapi tangu alipoanza kuumwa, na albumini yake ni ngapi? Namba hizo mbili ziandikwe kwenye barua ya rufaa.